Nyota Tatu za Mama Minza

Vijana wa ofisini waliniaga kwa keki, kanga na ombi. Keki tuliimaliza palepale, kanga ninazo, na ombi ndilo hili ninalolitekeleza sasa. Waliniomba niandike kuhusu kazi niliyoifanya kwa miaka mingi kuliko nyingine zote, ile ya kuzunguka Bariadi, Maswa na Meatu nikila kwenye hoteli za watu, kisha kuwaambia wasomaji wapi pa kula. Nkwimba, ambaye ndiye mdogo kuliko wote pale na ndiye aliyerithi meza yangu, aliongeza swali lake. Aliuliza kama kazi ile bado ina maana yoyote, kwa kuwa siku hizi kila mwenye simu anagawa nyota. Nilimwambia swali kama hilo halijibiwi kwa kusimama mlangoni na pochi begani. Nimekaa sasa.

Vyeo sitaviongelea. Nilikuwa navyo vichache, na vyote vilinifikia baada ya waliokuwa wakivitaka kuhamia Mwanza.

Nilipomaliza kidato cha nne, Bariadi ilikuwa bado chini ya mkoa wa Shinyanga, na pamba ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake. Mgeni akija mjini alikuwa mtumishi wa serikali, alifikia kwa mtumishi mwenzake na alikula alichopikiwa huko. Hoteli za chakula zilikuwapo, ila hakuna aliyezichagua. Uliingia, ukaambiwa kilichopo, ukala. Kama hakuna kitu uliambiwa hakuna, ukaenda zako bila kinyongo.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua pamba, na msimu ulipofunguliwa mji ulijaa watu tusiowajua. Walikuja wanunuzi na mabegi yao, madereva wa malori, mafundi wa mashine za kuchambulia pamba, wauza dawa za wadudu, na wengine ambao hadi leo sijui walifuata nini. Wote walikuwa na njaa. Kila aliyekuwa na chumba kinachotazama barabara aliweka meza mbili na kalenda ukutani, akaandika HOTELI juu ya mlango.

Magazeti nayo yaliota vivyo hivyo. La kwetu lilikuwa la wiki, likichapishwa Mwanza, na Bariadi lilikuwa na ofisi ya chumba kimoja nyuma ya duka la nguo. Niliajiriwa pale kupiga taipu habari walizoleta waandishi. Siku moja mhariri wetu, Mzee Kaijage, alikuja kututembelea, akanywa supu mahali ambapo sitapataja kwa sababu wajukuu wa mwenye hoteli ni majirani zangu. Safari yake ya kurudi Mwanza ilikuwa ndefu kuliko kawaida, maana alilazimika kumsimamisha dereva kila palipokuwa na kichaka. Alipofika alipiga simu. Alisema gazeti haliwezi kuwaambia watu bei ya pamba likashindwa kuwaambia watakula wapi salama. Aliagiza mtu aende kwenye kila hoteli, aonje, aandike. Waandishi wote walikuwa nje siku hiyo. Aliyepokea simu ni mimi.

Siku yangu ya kwanza nilifanya kama nilivyodhani waandishi wanavyofanya. Nilivaa gauni langu la kanisani, nikaingia hoteli moja karibu na stendi, nikaweka daftari na kalamu mezani, nikaagiza wali na nyama. Mhudumu alitazama kalamu, akarudi jikoni. Baadaye alitoka mwenye hoteli mwenyewe, mzee wa rika la babu yangu, akaniamkia shikamoo. Nilitamani ardhi ipasuke. Nyama iliyoletwa ilikuwa nyingi hata wali hauonekani, na nyuma yake ilikuja soda ambayo sikuiagiza. Kwenye meza za jirani watu walikuwa wakigombea mfupa. Nilikula, nikaandika sifa kemkem. Jioni muuza ndizi wa pale nje alinieleza kuwa yule mzee alidhani natoka idara ya kodi.

Kalamu nikaiacha nyumbani, lakini kukawa na tatizo la pili, nalo lilikuwa mimi mwenyewe. Mwanamke kijana kukaa peke yake hotelini, tena katikati ya msimu wa pamba, halikuwa jambo la kawaida. Wahudumu walinipita wakidhani namsubiri mtu. Hoteli moja waliniuliza kwa heshima kabisa, "Dada, mzee atachelewa sana?" Nikawajibu kwamba mzee amesema nianze. Jibu hilo nililitumia miaka mingi, na ninalikabidhi kwa yeyote litakayemfaa.

Aliyenifundisha kazi hasa hakuwa mwandishi. Alikuwa Mzee Luhende, bwana afya mstaafu aliyeishi Binza, pale Maswa, na ambaye maisha yake yote ya kazi aliingia hotelini kwa mlango wa nyuma. Nilimfuata kwa sababu nilisikia kwamba enzi zake wapishi walikuwa wakimwaga mboga wakisikia baiskeli yake. Alinisikiliza, akasema kosa langu ni kuanza na chakula. Chakula kitakuja chenyewe. Nianze na maji ya kunawa, nione ndoo ina mfuniko au haina, na kata inawekwa wapi baada ya kuchotea. Nitoke hapo nitazame kitambaa cha kufutia meza. Halafu nikae mahali ninapouona mlango wa jikoni, nihesabu wanaokula pale kila siku na wanaopita tu.

"Usimuulize mtu kama chakula ni kizuri," aliniambia. "Atasema kizuri, hasa kama mpishi anasikia. Tazama anachobakiza."

Msimu ule wote alikuwa akinisindikiza anapopata nafasi. Alikuwa mlaji mwenye furaha na kelele, isipokuwa maji ya hoteli hakuyagusa. Alitembea na ya kwake kwenye chupa iliyowahi kuwa na dawa ya kikohozi, akinywa funda moja moja kati ya matonge. Wahudumu walimwonea huruma, wakamwongezea mchuzi.

Kijitabu chetu cha kwanza cha mwongozo wa hoteli kilitoka msimu uliofuata, chembamba, chenye jalada la kijani. Nyota lilikuwa wazo la Mzee Kaijage. Hoteli ya kawaida ipate moja, nzuri mbili, nzuri sana tatu, na mbaya isitajwe kabisa. Nilidhani limeeleweka. Wiki haikuisha, mwenye hoteli mmoja akaja ofisini kuuliza nyota zinauzwaje, kama mtu anayenunua viti. Nilipomwambia haziuzwi alikasirika, akasema basi tungeandika mapema kwamba ni za ndugu.

Lakini aliyenivunja mbavu ni Bwana Shija wa Somanda. Hoteli yake ilikuwa njia ya kwenda hospitali, ikilisha watu waliokuja kuuguza ndugu zao. Chakula kilishibisha, ila maharage yalikuwa na mawe. Nilimpa nyota moja. Nilipopita tena nikakuta ameajiri mchora mabango, na ukuta mzima wa mbele umeandikwa kwa rangi nyekundu: HOTELI YA NYOTA MOJA. Ndani hapakuwa na pa kukaa. Nilimvuta pembeni nikamweleza taratibu kwamba hesabu yetu inakwenda kinyume na alivyoielewa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, darasani mtoto bora ni wa kwanza au ni wa tatu. Nikasema wa kwanza. Akasema hao wenye tatu wajitahidi, watafika tu.

Sikubishana naye tena. Ninachojua ni kwamba baada ya bango lile alimweka mama mmoja kazi ya kuchagua maharage asubuhi nzima, kwa maelezo kwamba hoteli ya kwanza haiwezi kuwa na mawe. Wauguzaji wakala maharage safi kwa sababu ya nyota iliyosomwa kichwa chini miguu juu. Mzee Luhende nilipomsimulia alicheka hadi chupa yake ikaanguka.

Sasa niseme habari ya Mwandoya, kule Meatu, maana ndiyo iliyonibadilisha.

Nilifika huko mara ya kwanza kwa lori lililokwenda kuchukua pamba. Ilikuwa siku ya mnada, vumbi la ng'ombe limetanda, na mimi nimeshinda na njaa tangu alfajiri. Niliuliza pa kula, nikaonyeshwa banda la nyasi lenye mabenchi mawili. Mwenyewe alikuwa Mama Minza, mwanamke mrefu, mjane, aliyepika chungu kimoja kikubwa cha kuku wa kienyeji kila siku na sufuria ya nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, akiyaunga kwa karanga. Ugali wake ulikuwa laini, wa moto, haushiki mkono. Nimekula kuku wengi kabla na baada ya siku ile na sijampata mwingine wa namna hiyo. Pembeni yangu alikaa mfugaji mmoja, Mzee Masanja, fimbo yake katikati ya magoti. Aliniuliza mimi ni wa ukoo gani, akaridhika na jibu, akanisogezea bakuli la nsansa. Alisema yeye hutembea kutoka kijijini kwake tangu jua halijachomoza, na kama si chungu kile pengine ng'ombe wake wangeuzwa na wanawe.

Nilimpa Mama Minza nyota tatu. Alikuwa wa kwanza kuzipata nje ya mji, na niliandika kwa maneno ambayo Mzee Kaijage alisema yalimfanya aache kazi akatafute chakula.

Msimu uliofuata Mzee Kaijage alipiga simu akiwa na sauti nyingine kabisa. Mnunuzi mmoja wa pamba, mtu mzito, alikuwa amekwenda mwenyewe hadi ofisini Mwanza kulalamika. Alisafiri hadi Mwandoya na wenzake akiwa na kijitabu chetu mkononi, akapewa kuku mgumu, ugali mbichi, akasubiri mpaka akachoka. Alisema kama nyota tatu ndizo hizo, basi na bei zetu za pamba zitakuwa uongo. Hilo ndilo lililomuuma mhariri. Watu wakiacha kuamini ukurasa mmoja, aliniambia, wataacha kuamini na mingine, na gazeti litabaki la kufungia maandazi. Akanituma niende nikaone. Kama ni kweli, nimshushe Mama Minza hadi nyota moja.

Nilikwenda nikiwa na mashaka. Nilipofika nilidhani nimekosea mahali. Banda la nyasi lilikuwa limeezekwa mabati, meza zina vitambaa, na nje yamesimama magari ya wageni. Yale mabenchi mawili yalikuwa yamehamishiwa nyuma, karibu na kuni. Mama Minza alinitambua. Alininawisha, akanipa sahani, akangoja nile kidogo, ndipo akakaa mbele yangu, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, ni wewe uliyeniandika?"

Nikasema ni mimi.

"Basi nifute."

Nilimweleza kwamba nyota zile zilikuwa sifa. Akasema anajua, mwalimu wa shule ya pale alimsomea ukurasa wote, na yalikuwa maneno mazuri. Kisha akanieleza bila hasira yaliyomkuta. Yeye hupika chungu kimoja kwa sababu kimoja ndicho anachoweza kukisimamia. Zamani chungu kile kilitosha, maana aliwajua walaji wake: wafugaji wa mnadani, na wanawake walioleta pamba kituoni toka mbali, ambao wasipokula pale hawali hadi warudi nyumbani. Sasa wakifika wanakuta viti vimejaa. Wageni hawezi kuwafukuza. Mzee Masanja alikuja mnada mmoja akasimama, akarudi na njaa yake. Mnada uliofuata alikuja akasimama tena. Baada ya hapo hakuja.

"Watu wako wanaanza kula karatasi," alisema. "Wakifika kwenye ugali wangu wameshashiba maneno. Kinachobaki ni kukasirika."

Mkwewe, mke wa mwanawe mkubwa, alikuwa akiosha vyombo na kusikia yote. Alikuja na mikono yake ya povu akasema yeye hataki wafutwe. Mabati yale yametokana na wageni. Watoto hawalowi tena jikoni mvua ikinyesha. Mama akifutwa leo, kesho hao wageni watakwenda kwingine, na wale wa zamani hawatajenga hata choo. Mama Minza alimwambia mabati hayaliwi. Mkwe akajibu, kwa adabu, kwamba hata mvua hailiwi. Nilikaa katikati yao nikitazama sahani yangu, nikiona kila mmoja ana haki.

Sikuondoka siku ile. Niliomba nilale pale, na kesho yake nikavaa kanga yangu ya safari nikaingia jikoni kusaidia. Huko ndiko nilikoona kilichomtokea yule mnunuzi. Chungu cha kwanza kilikuwa kilekile, kuku yuleyule, na walioonja mapema waliondoka wakilamba vidole. Kiliisha mapema. Kisha likaja gari, likaja jingine, watu wametoka mbali na njaa yao, na Mama Minza hakuwa na moyo wa kumrudisha mgeni. Akachinja kuku aliyeletwa na mpita njia, akachochea moto mkali, akasonga ugali kwa haraka mkwe akimhimiza. Chakula kile kilikuwa kibaya. Mwenyewe alijua, alikuwa akikipakua huku kageuza uso. Mgeni mmoja alirudisha sahani ikiwa haijaguswa, na Mama Minza alibaki ameishika kwa muda kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

Jioni tulikaa watatu jikoni. Nilimwambia Mama Minza kuna kitu kinanisumbua. Nyota zangu hazikudanganya, na yule mnunuzi naye hakudanganya. Alikula chungu cha pili, mimi nilikula cha kwanza, na kijitabu hakikumwambia mtu kwamba kuna vyungu viwili. Nikamuuliza, badala ya kumfuta, itakuwaje tukiandika ukweli wote?

Alifikiri. Kisha akaanza kusema polepole nami nikaandika. Chungu ni kimoja, kikiisha kimeisha, hakuna kingine. Anayetaka kula aje mapema. Kijiko hakuna, anayekihitaji aje nacho. Siku ya mnada viti ni vya waliotembea kwa miguu. Hapo mkwe akaingilia, akasema iandikwe pia kwamba siku nyingine zote nafasi ipo tele na wageni wanakaribishwa sana. Mama Minza alikubali. Alitaka niongeze kwamba wanaovaa miwani ya jua ndani ya nyumba wasije kabisa. Nikamsihi hilo aliache, na aliliacha kwa shingo upande.

Mwanza, Mzee Kaijage alisoma kile kipande akakiweka chini. Alisema mwongozo hausemi watu wasiende. Nikasema hausemi wasiende, unasema waende lini. Akasema hakuna msomaji atakayesoma maneno yote hayo, watu wanataka nyota, na hoteli isiyo na nyota ni sawa na mpira usio na magoli. Nilikuwa msichana wa kupiga taipu aliyepandishwa kwa bahati ya simu, na sikuwahi kubishana na mhariri. Siku ile nilimwambia kwamba kama ni kumshusha mama yule hadi nyota moja kwa chakula ambacho hakutaka kukipika, atafute mtu mwingine wa kuandika jina lake chini. Alikichukua tena kile kipande akakisoma upya. Kisha akauliza kama kweli kuku ni mzuri kiasi hicho. Nikasema ni mzuri kuliko nilivyoandika. Akasema basi nyota tatu zibaki, na maneno yale yawekwe chini yake, kwa Mwandoya peke yake, tuone.

Kijitabu kilipotoka nilisubiri hadi msimu uchanganye, nikaenda siku ya mnada makusudi. Mabenchi yalikuwa yamerudi mbele. Wanawake waliokuwa wamepeleka pamba walikuwa wakila taratibu, vitambaa vyao vimekunjwa magotini. Mzee Masanja alikuwa mahali pake. Gari lilikuwa moja tu, na dereva wake alikuwa kijana wa mjini aliyefika mapema akiwa na kijiko mfukoni mwa shati, akisita mlangoni kama anayeingia msibani kwa watu asiowajua. Mzee Masanja alimtazama kijana, akatazama kijiko, akajisogeza kwenye benchi.

"Kaa," alimwambia. "Umewahi."

Mama Minza hakunishukuru, na sikutegemea. Alinipakulia paja, ambalo kwa kawaida alikuwa halitoi kwa mwanamke wala mwanaume asiyemzidi umri. Mkwe alininong'oneza kwamba siku zisizo za mnada wageni wanakuja vizuri, wengine wanalala Mwandoya kusudi waamke karibu na chungu, na sasa wanafikiria kujenga chumba cha kulala wageni. Walikijenga kweli, na baadaye vikawa vinne.

Tangu hapo Mzee Kaijage hakuniuliza tena kuhusu nyota. Kila hoteli tuliiandikia mistari yake chini ya nyota zake. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kugawa nyota, kwa sababu ilinibidi nijue kila mahali panamfaa nani. Yule anayesafiri na watoto, yule anayeuguza na hana muda, mzee asiye na meno, mnunuzi anayetaka kukaa na mwenzake wazungumze bei bila kusikika. Niligundua hoteli mbaya kabisa ni chache. Nyingi ni nzuri kwa mtu fulani, saa fulani. Wasomaji walinisimamisha sokoni kuniuliza maneno, wala si nyota. Isipokuwa Bwana Shija, ambaye tulipompandisha hadi mbili alikuja ofisini amekasirika, akitaka kujua amefanya nini mpaka ashushwe.

Miaka ikaenda. Mzee Luhende alifariki, na Mzee Kaijage naye. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa, Bariadi ikawa makao makuu, na maofisi yakaleta wageni kuliko pamba ilivyowahi kuwaleta. Kijitabu cha kijani kilikoma siku watu walipoacha kukinunua, na sikukilia sana. Simu zilikuwa zimeanza kuwaambia watu pa kula kabla hawajashuka kwenye basi. Mimi niliendelea na safu ya gazetini, fupi zaidi kila mwaka, hadi ikawa ukubwa wa tangazo la kuaga marehemu.

Sasa, Nkwimba, swali lako. Nimezitazama hizo nyota za simu uliponionyesha. Sina ugomvi nazo. Watu wengi wakisema maji ya mahali fulani si salama, waamini, na sisi zamani tungeshukuru kuwa na macho mengi kiasi hicho. Lakini nyota ya mtu inakuambia alivyofurahi yeye, siku yake, na njaa yake. Haikuambii kama alikikuta chungu cha kwanza. Kazi ya mwongozo, iwe ya karatasi au ya kioo cha simu, ni kumsaidia mlaji ajue anakwenda kukutana na nini, ili asimkasirikie mpishi kwa jambo ambalo mpishi hakumwahidi. Ukiandika hivyo, utafaa. Ukigawa nyota tu, kuna wengi wanaogawa kukuzidi wewe, tena bure.

Wiki yangu ya mwisho kazini mlinipeleka kula mchana, na nadhani wengi mnaikumbuka. Mlisimama nje ya ofisi kila mmoja na simu yake. Mmoja alikuwa na mahali penye nyota nne na nusu, mwingine penye nne lakini karibu, mwingine alisoma kwamba pale pa nne mtu alikuta nywele. Jua likawa kali. Mwishowe mkanigeukia mimi, nami kwa kweli nilikuwa sijui, maana miezi ile nilikuwa nakula nyumbani kwa ajili ya presha. Nikamuuliza kijana wa bodaboda aliyekuwa amepaki pale, jana alikula wapi. Akataja mahali, kichochoro kimoja Somanda. Nikamuuliza na leo atakula wapi. Akasema palepale, ndiko anakoelekea.

Tukamfuata. Palikuwa kwa dada mmoja asiye na bango, chini ya turubai la bluu. Mlikaa, mkanawa, sahani zikaja, sato wa kukaanga na ugali na mchicha. Mlionja, kisha nyote mkaacha kutafuna mkanitazama mimi, na hata mpishi, ambaye kumbe alishanong'onezwa mimi ni nani, alisimama na mwiko wake akingoja. Nkwimba, wewe ulikuwa umetoa simu tayari kuandika.

Samaki alikuwa amezidi chumvi kidogo, na ugali ulikuwa mzuri sana. Niliwaambia mimi nimestaafu, nikamwomba dada aniongeze ugali.